Uzi wa hasira: lile pipa la Sonic 3 ni uonevu mtupu

Wakuu, salama? Mimi si salama. Nimetoka kuzima Sonic the Hedgehog 3 sasa hivi na stiki nimeitupa juu ya kabati nisije nikaivunja.

Wanaoijua wameshajua naenda wapi. Carnival Night Zone, sehemu ya pili. Lile pipa.

Kwa msioijua: ni gemu la Sega la mwaka 1994, na levo hiyo imejaa vitu vya kudundia, maputo kila kona, na mapipa yenye mistari yanayonesanesa. Mapipa ya mwanzo unayarukia, yanasogea, unapita zako. Kwa hiyo gemu lenyewe ndilo limekufundisha kwamba pipa linaendeshwa kwa kurukiwa. Halafu unakuta moja limeziba njia yote. Unaruka, linashuka kidogo, linapanda. Unaruka tena kwa kuvizia mdundo wake, linashuka zaidi, upenyo unauona uleee unataka kufunguka... linarudi. Unajiambia bado kidogo tu. Hapo ndipo umeshikwa, maana hiyo "bado kidogo" haina mwisho. Saa ikifika dakika 10, Sonic chali. Hajauawa na adui wala miiba. Kauawa na saa!

Jibu lake sasa: hutakiwi kuruka kabisa. Unasimama juu ya pipa kama mtu anayesubiri daladala, unabonyeza mshale wa juu likipanda, wa chini likishuka, hivyo hivyo mpaka likolee lenyewe. Mishale ambayo tangu gemu lianze kazi yake ni kuangalia juu, kuchutama na kujiviringisha! Hakuna kibao, hakuna ishara, hakuna hata pipa dogo la kujifunzia.

Na msinielewe vibaya, ugumu sina ugomvi nao. Springi ya Super Mario Bros. ya 1985 ukikosea kubonyeza inakuinua kidogo na kukuacha uanguke shimoni, lakini unaiona ikijikunja, unaiona ikifunguka, kosa ni lako. Hata Super Mario Bros. 2 ya Kijapani ya 1986, yenye springi za kijani zinazomrusha Mario mpaka anapotelea juu ya skrini, ukabaki unamwendesha humuoni ukibahatisha atatua wapi. Ushenzi, ndiyo, ila ushenzi wa wazi. Unajua springi ni ya kurukia, ukaruka, ikakurusha. Hili pipa limekudanganya levo nzima.

Sasa nyie wa "mbona mimi nilipita nikiwa mtoto", semeni ukweli: nani aliwaonyesha? Jibuni humu humu kwenye uzi, PM sisomi.