Naomba ushauri: 1,000,001 na vigawo vyake

Assalaam alaykum wenzangu. Nafundisha tuisheni ya hesabu hapa Kisauni, na kijana mmoja wa kidato cha pili amenibana: je, 1,000,001 ni nambari tasa?

Si tasa, ni 101 × 9,901. Kuziondoa 3, 7, 11, 13 na 37 kulikuwa rahisi, maana zote zinaigawanya 999,999 bila baki, hivyo kwa nambari yetu kila moja inabakisha 2. Hilo alilipenda mno, akataka na 9,901 ithibitishwe.

Hapo ndipo penye kazi. Kipeuo chake cha pili hakifiki 100, na nambari tasa zilizo chini ya 100 ni 25. Lakini kigawo tasa chochote cha 9,901 lazima kibakishe 1 kikigawanywa kwa 12. Kwa kuwa 13 na 37 zimeshatoka, zasalia 61, 73 na 97 tu, na zote zinagoma. Kwa hiyo 9,901 ni tasa.

Shida ni hiyo sharti ya 12. Uthibitisho niujuao ni wa chuo kikuu, na huyu si mtu wa kuambiwa "kubali tu". Kuna njia ya kumweleza kwa kugawanya na baki peke yake? Au nianze na hesabu za saa, yaani zile za baki zinazozunguka kama saa, 12 ikirudi kuwa 0? Shukran.