Ganzi haikamati kwenye jipu la kidole, tatizo nini?

Bomba5:
Wakuu, jipu liko ncha ya kidole, mgonjwa ana kilo 60. Lignokeini (dawa ya ganzi) 2% mililita 5 imechomwa kuzunguka jipu, lakini kisu kikigusa tu anaruka. Niongeze, au dawa imeharibika?

SindanoNyembamba:
Dawa ni nzima, mkuu. Umeichoma mahali isipoweza kufanya kazi. Lignokeini huziba vijilango vya sodiamu, ambavyo neva hupitishia taarifa ya maumivu, na huviziba kutokea ndani, kwa hiyo lazima kwanza ipenye ukuta wa neva. Inayopenya ni ile isiyo na chaji. Kwenye nyama yenye afya, pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi) 7.4, hiyo ni karibu robo ya dawa. Usaha huleta asidi; pH ikishuka hadi 6.4 inabaki asilimia 3 hivi. Tena nyama iliyovimba ina damu nyingi inayoifagia dawa upesi. Usiongeze hapo: kusukuma maji ndani ya uvimbe uliokaza ni kumtesa mtu.

Ifuate neva kwenye shina la kidole. Sindano geji 25, ingilia upande wa mgongo wa kidole, vuta bomba uone kama kuna damu, kisha mililita 1 kidogokidogo ukishuka kuelekea kiganjani, kwa kuwa kila upande una neva mbili, ya juu na ya chini. Rudia upande wa pili. Subiri dakika 10 za saa, si za kukisia! Mwambie pia kwamba kuguswa na kuvutwa bado atakusikia. Kinachoondoka ni maumivu.

NesiZamu:
Na zile 5 za mwanzo zihesabiwe. 2% ni miligramu 20 kwa mililita. Kikomo cha dawa isiyochanganywa na adrenalini, miligramu 3 kwa kilo, kwake ni 180, yaani mililita 9. Zimebaki 4. Akisema midomo inakufa ganzi au masikio yanavuma, acha kuchoma, weka oksijeni, ita msaada. Degedege huweza kufuata.

Bomba5:
Na wekundu ukiwa umefika shina la kidole?

SindanoNyembamba:
Usichome kwenye wekundu; neva izibwe juu zaidi, kwenye kiwiko cha mkono au kifundo chake, na anayejua njia hiyo. Kidole kikiwa kimejikunja, na kukinyoosha kunamliza, huenda usaha umeingia kwenye ala ya kano, yaani mfuko unaoifunika kano. Huyo mpeleke kwa daktari wa upasuaji leo hii.