Siku moja Kampala: mnara wa msikiti Old Kampala, Namirembe au hekalu la Bahai?

Mtoka_Kashozi: Wakuu, habari za jioni. Mwezi ujao tunavuka mpaka wa Mutukula kwenda harusi ya binamu Kampala, na tutabakiwa na siku moja kabla ya kurudi Bukoba. Nataka kilima kimoja chenye historia, ukisimama juu mji wote unauona. Nimetajiwa vitatu: mnara wa msikiti Old Kampala, kanisa kuu la Namirembe, na hekalu la dini ya Bahai kule Kikaaya. Mngechagua kipi?

Bintipwani: Siku gani ya wiki? Mko wangapi? Kuna mtoto mdogo au mzee? Bila hayo tunakushauri gizani, kaka.

Kisumu_Kla: Old Kampala. Ngazi 304 zinazunguka ndani ya mnara, na ukifika juu mji uko pande zote: Makerere, Nakasero, Kololo, Rubaga, na stendi ya teksi imejaa chini yako. Anga likiwa safi unaona hadi ziwa. Mji wenyewe ulianzia kilima hicho, Mwingereza Lugard alipojenga ngome yake Desemba 1890. Kina dada hupewa nguo ya kujifunika, na viatu vinabaki mlangoni mwa msikiti.

Ssebo_wa_Mengo: Na jina lilitoka hapohapo. Swala pala walikuwa wengi kilimani, Waganda wakapaita akasozi k'empala. Mpaka leo wenyeji wengi wanauita msikiti huo "Gaddafi", ingawa tangu 2013 jina ni Msikiti wa Taifa wa Uganda.

Mtoka_Kashozi: Samahani, nilisahau. Ni Ijumaa. Tuko wanne pamoja na mama, ana miaka 68.

Bintipwani: Ijumaa! Hilo ndilo lilipaswa kuanza. Mchana ni swala, msikiti unafurika. Nendeni mapema asubuhi. Na magoti ya mama je?

Dereva_Mstaafu: Soma hili kabla hujaamua. Nilimpeleka baba mkwe, naye alikuwa na umri huohuo. Dereva tuliyemkodi mjini alituambia ni "ngazi chache tu", tukamwamini. Tukaanza kupanda saa sita, jua kali, mzee hajala. Karibu na nusu ya mnara kizunguzungu kikamshika. Ngazi zinajipinda, nyuma yetu watu wanapanda, mbele wengine wanateremka. Nilimkalisha kwenye kidato, nikampa maji, wageni wakawa wanapita kwa ubavu huku wakimpa pole. Ilituchukua zaidi ya nusu saa kumteremsha, mimi nimetangulia kinyumenyume nimemshika mikono. Mji hakuuona. Hadi leo nikikumbuka uso wake najilaumu, maana ningeuliza mtu mwingine mmoja tu ningejua. Kwa mama wa miaka 68, nendeni Namirembe. Gari linafika hadi juu, mnakaa kwenye nyasi na mji uko mbele yenu. Jengo la matofali mekundu lilikamilika 1919, baada ya lililotangulia kupigwa radi na kuungua 1910.

Kisumu_Kla: Pole sana mzee. Lakini mama anaweza kubaki uani, vijana wakapanda.

Dereva_Mstaafu: Umsafirishe mama kutoka Bukoba, halafu umwache uani akitazama viatu vyenu?

Kijani_Kibichi: Bahai hamuitaji kabisa. Bustani pana, kimya, hekalu lipo tangu 1961. Ni mbali kidogo, njia ya Gayaza, lakini mama atapumua.

Bintipwani: Bustani nzuri, ila aliomba kuuona mji, na kutoka kule katikati ya mji unaiona kwa mbali. Mimi kinachoniuma Old Kampala ni ile ngome. Ilibomolewa kupisha msikiti, wakajenga mfano wake pembeni. Mawe ya zamani hayarudi.

Ssebo_wa_Mengo: Dada, ile ilikuwa ngome ya aliyekuja na bunduki. Msikiti ulianzwa enzi za Amin, ukakwama miaka mingi, Libya ya Gaddafi ikaumalizia, ukafunguliwa rasmi 2008. Hiyo nayo ni historia yetu.

Bintipwani: Sijasema msikiti usijengwe. Nasema watoto wetu wangeona vyote viwili.

Mtoka_Kashozi: Nimemsomea mama majibu yenu. Anauliza kwa nini hakuna aliyependekeza Rubaga. Anataka kusali alipozikwa Askofu Mkuu Kiwanuka.

Kisumu_Kla: Kumbe mama Mkatoliki! Ungesema mapema.

Ssebo_wa_Mengo: Rubaga na Namirembe vinatazamana, asubuhi moja inatosha kwa vyote viwili. Kanisa la Rubaga liliwekwa wakfu 1925, na gari linafika mlangoni.

Kisumu_Kla: Na Old Kampala iko jirani ya Namirembe. Vijana wapande saa mbili, mama anywe chai.

Dereva_Mstaafu: Bado unarudi palepale.

Kijani_Kibichi: Mnarudi na basi la usiku au la asubuhi? Foleni ya kutoka Kampala Ijumaa jioni isiwakute njiani.

Mtoka_Kashozi: La usiku. Kwani foleni inaanza saa ngapi?