Kigamboni "mtaa wa familia": eneo la wazi la watoto limekuwa grosari ya pombe, na sisi wazazi tunatazama tu

Wakuu, naandika nikiwa nimewaka, mtanivumilia. Mods, msiuunganishe uzi huu na ule wa kero za pantoni (kivuko chetu cha kwenda mjini), hii ni habari nyingine kabisa.

Jana jioni mwanangu wa miaka tisa karudi nyumbani analia, mkononi kashika mpira umechanwa mara mbili kama tikiti. Walikuwa wanapiga chandimu kandokando ya barabara, mpira ukaruka ukuta wa mabati, ukaangukia jiko la mishkaki. Mchoma nyama akauchana kwa kisu kilekile cha kazi yake, akawarushia. Nikaenda kuongea naye kistaarabu. Ananijibu: "Mzee, kwani watoto wako hawana kwao pa kuchezea?"

Kwao ni hapohapo alipoweka jiko!

Mimi nilinunua huku 2017. Daraja la Nyerere, linalotuunganisha na Dar es Salaam mjini, lilikuwa na mwaka mmoja tu tangu lifunguliwe, Aprili 2016, na kila aliyechoka kupanga Mbagala na Buguruni alikuwa anaulizia kiwanja Kigamboni. Dalali akatutembeza mimi na mama watoto. Eti huku kumepimwa, si kama kule tulikotoka ambako hata jeneza likitoka ndani lazima liinamishwe ndipo lipite kwenye kichochoro. Akatandaza nakala ya mchoro wa mipango miji juu ya boneti: hapa shule, hapa soko, na hapa, akagonga kwa kidole, eneo la wazi. "Shemeji, watoto watacheza hapa wewe unawaona ukiwa barazani." Mama watoto akanigeukia mara moja tu, nikajua hela imeshatoka.

Na hakudanganya, ndiyo inayoniuma. Eneo lilikuwepo. Tulichangishana tukafyeka, tukachimbia magoli ya mirunda. Jioni wavulana mpira, wasichana rede, ikianza giza wote kombolela, na sisi wazee drafti chini ya mkorosho. Watoto wa mtaa mzima nilikuwa nawajua kwa majina.

Likaja kontena. Moja tu, la muda, mwenyewe anauza vocha na mkaa, nani atamkatalia jirani riziki? Likafuata banda la kuoshea magari. Kisha fremu nne za tofali, usiku usiku. Halafu mabati kuzunguka, viti vya plastiki, na spika mbili zinazomzidi mwanangu urefu. Mkorosho umekatwa. Goli moja bado limesimama, siku hizi linaning'inizwa mbuzi.

Serikali ya mtaa tumekwenda mara tatu. Mara ya kwanza, "tunalifuatilia". Mara ya pili tukaambiwa wale ni wajasiriamali na wanalipa ushuru. Mara ya tatu ofisi imefungwa, mhusika nikamkuta amekaa palepale grosari, supu mbele yake. Akanikaribisha kiti!

Nchi hii ina Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Ardhi iliyopangiwa matumizi haibadilishwi matumizi kwa sababu mtu ameamka na mabati yake. Kuna Sheria ya Mtoto ya 2009, nayo imetaja haki ya mtoto kucheza na kupumzika kwenye orodha moja na chakula, malazi na matibabu. Sasa watoto wetu wanachezea barabarani, na barabara yenyewe ndiyo ya malori ya mchanga na bodaboda wanaowahi abiria wa pantoni. Mwezi uliopita pikipiki imemkosa binti wa jirani kidogo tu. Tukashukuru Mungu, tukaingia ndani, kesho yake wakarudi barabarani kwa sababu hakuna pengine.

Najua kuna mtu atasema wapeleke baharini, si mnakaa Kigamboni? Ndugu yangu, upande wetu bahari tunaisikia tu. Kila njia ya kwenda ufukweni imeishia kwenye geti, na getini kuna kiingilio, na chakula cha kutoka nyumbani hakiruhusiwi. Mimi nina watoto wanne, pigeni hesabu wenyewe. Na hapo Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kuta zile sijui zinahesabiwa ni za muda. Kwa hiyo nikitaka wanangu waogelee bure, natoka Kigamboni penye bahari, napanda pantoni, nalipa nauli, nagombania daladala mpaka ufukwe wa Coco Beach ng'ambo, jioni narudi na watoto wawili wamelala mapajani na mchanga mpaka masikioni. Kwenda kutafuta bahari!

Kelele za wikiendi sizigusi, ingawa mkubwa wangu yuko darasa la saba na anasoma kaziba masikio kwa pamba. Maji na vumbi vina nyuzi zao.

Najua wa "kahamie Masaki kwa matajiri" wanakuja, karibuni. Ninaowahitaji ni wale ambao mtaa wao uliwahi kurudisha eneo la wazi. Mlianzia wapi: manispaa, wizarani au baraza la ardhi? Mlikwenda na sahihi za wakazi wangapi? Nakala ya ule mchoro ninayo, nimeitoa uvunguni jana usiku, na eneo limeandikwa vizuri tu.

Mpira mpya nimenunua leo asubuhi, elfu kumi na tano. Dogo kaniuliza wakachezee wapi. Nimeufungia kabatini.