Word, LibreOffice au Google Docs: anayeanza chuo kikuu ajifunze ipi kwanza?

Chipukizi (mleta mada)

Wanajukwaa, salaam. Ninatarajia kuanza mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, na mpaka sasa shughuli zangu zote za mtandaoni nimezifanya kwa simu. Maelekezo tuliyopewa yanasema kwamba kila insha na ripoti itachapwa kwa kompyuta, nyingine ziwasilishwe kwa .docx (mfumo wa mafaili wa Word) na nyingine kwa PDF. Nimepata kompyuta ya mkononi ambayo haina Word. Je, nijitahidi kuipata Word, nisakinishe LibreOffice, au nitosheke na Google Docs inayofunguka kwenye kivinjari? Muda uliobaki hauniruhusu kujifunza zote, kwa hiyo naomba mnisaidie kuchagua na mnieleze sababu.

Mhariri wa Tasnifu

Ndugu Chipukizi, katika uandishi wa kitaaluma jambo la kupima kwanza ni namna programu inavyolimudu andiko refu. Hapo Word na LibreOffice Writer zinaizidi Google Docs, hasa inapofika kwenye kuunganisha maelezo na namba za majedwali na michoro ili namba zijirekebishe zenyewe. Kati ya hizo mbili, kwa kazi za mwaka wa kwanza, tofauti ni ndogo. LibreOffice ilianza mwaka 2010 kutokana na OpenOffice.org, haina malipo, inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, tena inafungua na kuhifadhi .docx. Usikae kuisubiri Word.

Lililo kubwa kuliko jina la programu ni mitindo ya vichwa. Wanaoanza wengi huandika kichwa cha sehemu, wakakikoleza, wakakikuza herufi, wakaona kimekamilika. Msomaji ataona kichwa, lakini programu inaona aya ya kawaida yenye herufi nene, na siku ukihitaji ukurasa wa yaliyomo haitakuwa na cha kuorodhesha. Utauandika kwa mkono, na kila utakapoongeza aya katikati ya ripoti namba za kurasa zitakuwa za uongo. Ili programu ikitambue kichwa kwa mtindo wake, weka kishale kwenye kichwa, kisha bonyeza Ctrl+Alt+1 ukiwa kwenye Word au Google Docs, ama Ctrl+1 ukiwa kwenye LibreOffice. Kwa vichwa vidogo tumia 2 badala ya 1. Ukifanya hivyo tangu insha ya kwanza yenye kurasa tatu, ripoti ya mwisho yenye kurasa themanini haitakusumbua. Naomba ulizoee hili kabla ya kitu kingine chochote katika uchapaji.

Kiongozi wa Kikundi

Namheshimu mchangiaji aliyetangulia, ila naona amepima kwa tasnifu, ilhali mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukutana mapema na kazi za vikundi. Watu watano wakitumiana .docx kwa barua pepe, kila mmoja anarekebisha nakala yake, na hatimaye mtu mmoja analazimika kuziunganisha nakala tano zinazopingana. Katika Google Docs wote wanaandika kwenye waraka mmoja kwa wakati mmoja, kila badiliko linahifadhiwa lenyewe, na historia ya waraka inaonyesha nani aliandika nini, hivyo aya iliyofutwa kwa bahati mbaya inarudishwa. Kwa mtu anayetoka kwenye simu hii ni njia nyepesi zaidi, kwa kuwa akaunti ile ile inafungua waraka ule ule kwenye simu na kwenye kompyuta.

Udhaifu wake ni kutegemea mtandao. Unaweza kuruhusu matumizi bila mtandao kwenye Chrome au Edge, lakini mpangilio huo lazima uuwashe ukiwa bado umeunganishwa. Vilevile kumbuka kwamba hifadhi ya bure ya GB 15 inagawanywa kati ya nyaraka, barua pepe na picha zako. Picha za simu zikiijaza, hata barua pepe mpya hazitaingia.

Mkufunzi wa Maabara

Wadau, mnalinganisha programu ilhali mleta mada ametuambia anatoka kwenye simu. Simu humficha mtumiaji mahali faili lilipo: unafungua programu, na vitu vyako vimo humo. Kwenye kompyuta faili lina jina, lina folda, na lina kiambishi kinachoonyesha aina yake. Mwanafunzi asiyejua hayo atakwama katika programu yoyote kati ya hizo tatu, na nimewaona wengi wakiandika kazi nzuri kisha wakashindwa kuipata dakika za mwisho kwa sababu ilibaki kwenye folda ya vilivyopakuliwa ikiwa na jina la tarakimu tupu.

Fungua folda moja kwa kila somo. Anza jina la faili kwa mwaka, mwezi na siku, kwa mfano 2025-03-14_insha_isimu, na mafaili yatajipanga kwa mfuatano wa tarehe bila wewe kuyagusa. Weka nakala mahali pawili zaidi, angalau mahali pamoja pakiwa nje ya kompyuta hiyo.

Kuhusu Google Docs, lipo jambo ambalo Kiongozi wa Kikundi hakuligusia. Ukimtumia mhadhiri kiungo bila kumpa ruhusa, atafungua ukurasa unaomtaka aombe ruhusa, na kazi yako haitasomwa saa ile. Kama umeambiwa uwasilishe .docx, pakua waraka kwa mfumo huo na uambatishe faili lenyewe.

Chipukizi

Nashukuru sana. Sasa naelekea kusakinisha LibreOffice kwa insha zangu na kutumia Google Docs kwa kazi za kikundi. Lahajedwali nayo je, yaani programu ya majedwali ya hesabu? Ninaingia kozi ya sayansi ya jamii.

Mpenzi wa Takwimu

Usiiache, ndugu yangu, kwani utakusanya data za hojaji mapema kuliko unavyodhani. Calc, iliyomo ndani ya LibreOffice, inakutosha kwa hesabu za awali. Unapojumlisha, andika fomula inayotaja visanduku, mfano =SUM(B2:B40), wala usipige hesabu pembeni ukaingiza jibu; jibu ulilochapa halitabadilika data ikirekebishwa, na hakuna atakayejua lilitoka wapi.

Lahajedwali pia ina mipaka ambayo haikutangazii. Laha ya Excel (lahajedwali ya Microsoft) ya sasa ina safu mlalo 1,048,576, lakini mfumo wa kale wa .xls unaishia 65,536. Mwaka 2020 nchini Uingereza, visa 15,841 vya Covid-19 viliachwa nje ya takwimu za kila siku kwa sababu matokeo ya maabara yalipitishwa kwenye mafaili ya .xls yaliyojaa. Mwaka huohuo wanasayansi walikamilisha miongozo iliyobadili majina ya baadhi ya jeni, MARCH1 ikawa MARCHF1, kwa kuwa Excel ilikuwa ikiyageuza kuwa tarehe. Tunza faili la data ghafi usiloligusa kamwe, na ufanyie kazi nakala yake.

Mhariri wa Tasnifu

Nakubaliana na mpango wako, Chipukizi, pamoja na hoja ya mkufunzi kuhusu mafaili. Nyongeza moja kwa kuwa umechagua LibreOffice: waraka wako ukifunguliwa kwenye Word, fonti isiyopatikana upande wa pili hubadilishwa kwa nyingine, mistari ikasogea na jedwali likakatika kati ya kurasa mbili. Pale chuo kinapokuruhusu kuchagua, toa PDF, kwani huhifadhi mwonekano wa kurasa ulivyoziacha. Pale kinapotaka .docx, lifungue faili hilo kwenye Word ya maabara ya chuo, pitia kila ukurasa, ndipo uliwasilishe.