Deilili ya dola 100 kwa mche mmoja: ninunue au niache?

MamaSalma, Minneapolis
Habarini ndugu zangu. Tumehamia nyumba yenye kiwanja kidogo mbele, jua linapiga kutwa. Nataka deilili, yale maua ya bustani (kwa Kiingereza daylily), kando ya njia ya kuingilia. Dukani hapa deilili aina ya Stella de Oro ni bei ya kawaida, lakini kuna muuzaji wa Florida mtandaoni ana aina mpya, zambarau, ukingo wa dhahabu wenye marinda. Dola 100 mche mmoja! Baba Salma hataki hata kusikia, anasema ua lenyewe linakaa siku moja. Mnaopanda, mnasemaje?

MzeeWaLushoto, St. Paul
Mama Salma, salaam. Usinunue mwaka huu. Haya maua nayapenda mno, ndiyo maana nakuambia.

Pale hulipii uzuri, unalipia upya. Mbegu ya deilili haizai ua lile lile, kwa hiyo aina mpya huongezwa kwa kugawa shina, na mwanzoni mzalishaji ana mashina ya kuhesabika. Yakishazaana kwenye bustani za watu, bei inaporomoka. Subiri miaka michache, mara nyingi utalipata ua hilo hilo kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Aina zilizosajiliwa zimepita 80,000, hutakosa zambarau.

Halafu Florida. Nyingi za huko hazilali, majani yanabaki mabichi mwaka mzima. Kwetu huku mwezi wa tatu joto linakuja kidogo, mche unaamka, barafu inarudi, kitovu (pale majani yanapokutana na mizizi) kinaoza. Muulize muuzaji: je, unalala wakati wa baridi? Akizungukazunguka, achana naye.

Na yale marinda ya dhahabu! Usiku ukiwa wa baridi, asubuhi unakuta ukingo mnene umeng'ang'aniana, ua limefunguka nusu, petali moja imevutwa na mwenzake hadi imechanika. Picha za muuzaji hazikuonyeshi hilo.

Baba Salma ana haki kuhusu siku moja, ila ahesabu matumba. Bua lenye matumba 25 litakupa maua wiki kadhaa. Lenye 8 linakwisha upesi, hata ulilipie dola ngapi. Stella de Oro ilitoka 1975 na mpaka leo iko kila mahali kwa sababu hurudia kuchanua. Ukitaka harufu, tafuta aina ya Hyperion, ndefu, ya njano, ya tangu 1924. Mimi jioni nakaa karibu nayo makusudi.

Juma_Columbus
Shikamoo mzee. Mimi nilinunua ya bei na naifurahia, lakini ilizalishwa huku huku kwenye baridi. Dada, tafuta klabu ya deilili ya karibu nawe. Wanachama wakigawa vichaka vyao huuza miche iliyokwisha kuzoea udongo wa hapo, rahisi kabisa. Na kama mna paka, acheni kabisa: deilili inaua figo zake.

MamaSalma
Asanteni sana. Paka hatuna. Kulungu je? Wanapita hapa alfajiri.

MzeeWaLushoto
Marahaba Juma. Mama Salma, kulungu wanazila matumba yakiwa karibu kufunguka, wanakuachia mabua matupu. Panda karibu na mlango, kitovu kiwe kama inchi moja chini ya udongo, na uzungushie wavu tangu mwezi wa sita.