Naenda kumtembelea mwanangu mji aliohamia. Nikitenga muda wa mambo yangu nitakuwa nimemkosea?

Kete Nyeupe
Habari zenu wakuu. Mimi ni mama, watoto wangu wote wanajitegemea sasa. Kitinda mimba wangu amehamia mji mwingine kikazi, amepanga huko, na kila tukiongea ananiambia mama njoo uone ninapoishi. Nimeamua kwenda.

Ila mimi si mtu wa kushinda ndani. Napenda sana sataranji, na huko aliko kuna watu wanaocheza. Mzazi akienda kwa mwanawe halafu akatenga muda wa jambo analolipenda yeye, ni kosa? Nakosa usingizi. Naomba ushauri, matusi hapana.

Mti Mkavu
Nenda kacheze, mama. Kijana akiwa kazini utafanya nini, kuhesabu vigae? Mama yangu alipokuja kwangu alikosa shughuli, akapanga upya jiko zima. Mpaka leo chumvi naitafuta.

Dada Utulivu
Mama, unakwenda kumwona mtoto au kumwona nani? Wapo wazazi wanaomaliza mwaka hawajapigiwa hata simu. Wewe unaitwa, tena kwa kubembelezwa, halafu unawaza michezo. Mheshimu mwanao kama unavyotaka akuheshimu.

Babu Drafti
Sataranji ina mambo mengi, drafti ndiyo mchezo. Nilipokwenda kwa binti yangu nilitoka siku ya kwanza kutafuta wenzangu wanaocheza, nikawapata, nikawachapa vizuri tu. Kurudi sasa! Kila jengo linafanana na la jirani yake na simu imezima. Nimezunguka mpaka giza limeingia. Binti alilia siku ile. Andika anwani kwenye karatasi, uitie mfukoni, usitegemee simu.

Nyuma ya Pazia
Mleta mada, kuna kitu hujakisema. Mtu hakosi usingizi kwa sababu ya kucheza mchana wakati mwanawe yuko kazini. Hao watu wanacheza lini, na wewe unafika lini?

Kete Nyeupe
Haya. Ni mashindano. Raundi 9, Jumamosi na Jumapili. Nimeshajiandikisha na ada nimelipa. Tiketi nimeikata nifike Ijumaa. Kijana naye ameomba likizo kuanzia Ijumaa hiyo hadi Jumatatu ili tukae pamoja. Habari ya mashindano hana.

Lakini mnielewe. Watoto hawa nimewalea peke yangu, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kuwa na mwisho wa wiki wa kuuita wangu. Usiku tutakuwa pamoja, na Jumatatu nzima ni yake. Isitoshe, bila mashindano huenda nisingesafiri mwezi huu, kwa hiyo na yeye amepata.

Dada Utulivu
Kumbe! Mtoto amekwenda kumwomba bosi wake ruhusa kwa ajili ya mama, na mama ana safari yake nyingine.

Kete Nyeupe
Hakuna alichonyimwa. Likizo ni yake, atapumzika.

Mti Mkavu
Kwani ukifungwa hutolewi? Fungwa Jumamosi asubuhi, mchana uko naye, kesi imekwisha.

Kete Nyeupe
Hakuna kutolewa, mwanangu. Ni mfumo wa Uswisi. Ukishinda unapangiwa mwenye pointi kama zako, ukifungwa vilevile. Hata nikifungwa raundi zote nitacheza hadi ya mwisho.

Mchana Kweupe
Wakuu, hii ni chai. Kaka yangu anacheza huo mchezo, mechi moja inakwenda masaa manne hadi matano. Raundi 9 kwa siku mbili wanalala saa ngapi? Halafu mama mwenye watoto wakubwa anatufundisha mfumo wa Uswisi. Huyu ni kijana anatuzungusha.

Mti Mkavu
Hata mimi nimeanza kuingiwa na wasiwasi. Na nilishatoa siri ya chumvi.

Kete Nyeupe
Kaka yako anacheza mechi ndefu. Hizi ni za haraka: kila mmoja anaanza na dakika 15, na kwa kila hatua anayocheza anaongezewa sekunde 10. Piga hesabu. Mechi ikifika hatua 60, nyongeza ni dakika 10, basi kila mtu ana dakika 25 na wawili ni dakika 50. Raundi tano Jumamosi, nne Jumapili, zinaingia.

Na nani kasema ni mchezo wa vijana? Shirikisho la dunia, FIDE, lina mashindano ya wazee, kundi la waliotimiza miaka 50 na kundi la waliotimiza 65. Mimi la kwanza nimeshaingia.

Aliyenifundisha ni huyuhuyu kijana. Akiwa shule ya msingi alichora ubao kwenye karatasi, kete akazikata kwenye boksi la viatu na kuziandika herufi kwa kalamu ya bluu. F farasi, N ngome. Mfalme na malkia wote walikuwa M, ikabidi malkia ampigie mstari chini. Hakuwa na wa kucheza naye, akanikalisha mimi. Alipoondoka nyumbani nikaendelea kwenye simu, usiku. Hajui kama bado nacheza.

Mchana Kweupe
Hesabu ya saa nimeikubali. Hilo la boksi la viatu bado nalitazama, ila endelea.

Nyuma ya Pazia
Mama, sasa ndiyo umezungumza. Mtu aliyekufundisha mchezo unamfichaje mchezo huohuo? Mpigie leo kabla likizo haijapitishwa. Anaweza kuisogeza ianze Jumatatu, mkapata siku nne kamili bila wewe kuangalia saa.

Kete Nyeupe
Ataona nimefuata mashindano.

Nyuma ya Pazia
Umefuata vyote viwili, na ukimwambia mwenyewe atavisikia vyote viwili. Akikukuta Jumamosi alfajiri umeshavaa viatu, atasikia kimoja tu.

Dada Utulivu
Mimi bado nasema angekwenda wiki nyingine. Mashindano yapo kila mwaka.

Babu Drafti
Na magoti yapo kila mwaka? Mwacheni aende.

Saa Mezani
Nimewahi kusimamia mashindano, niongeze la kitaalamu kidogo. Mengi yanaruhusu mchezaji aombe kukaa nje raundi moja na kupewa nusu pointi, mradi aombe mapema na isiwe raundi za mwisho. Soma kanuni za hayo yako. Wakikubali, iache ile ya mwisho ya Jumamosi, jioni hiyo iwe ya mwanao.

Simu usiingie nayo kwenye mechi. Ikikutwa kwako unaweza kupoteza mechi hapohapo, kwa hiyo mwambie kijana mapema asishtuke akikukosa.

Swali moja, mama. Umeshawahi kucheza kwa saa ya mezani, au ni kwenye simu tu?

Kete Nyeupe
Kwenye simu tu. Na ule ubao wa karatasi.

Saa Mezani
Basi hapo ndipo pa kukosea usingizi. Kwenye simu unagusa kete, ukibadili mawazo unaiacha. Mezani ukiigusa kwa nia ya kuicheza, utaicheza. Na mkono uliosogeza kete ndio huohuo unaobonyeza saa. Wageni wengi wanasogeza kwa wa kulia, wanabonyeza kwa wa kushoto, msimamizi anawakemea na wanachanganyikiwa mechi nzima. Tafuta mtu ufanye naye mazoezi kabla ya Jumamosi.

Kete Nyeupe
Hapa nilipo sina mtu.

Saa Mezani
Ijumaa jioni utakuwa kwa nani?

Kete Nyeupe
Sijui kama bado anakumbuka kucheza. Nitampigia akitoka kazini. Saa yenyewe tutaitoa wapi?

Saa Mezani
Zipo programu za bure kwenye simu. Wekeni dakika 15, nyongeza sekunde 10. Simu ilale pembeni katikati ya ubao, kila mmoja abonyeze upande wake.